Korona imeingia Bongo: mlangoni tunanawa, ndani ya daladala tunabanana. Mtaani kwako hali ikoje?

Kisiki cha Mpingo
Jumapili, Machi 22, 2020

Wakuu habari za jioni.

Mods naomba huu uzi msiuunganishe na ule wa takwimu. Kule tuendelee kuhesabu wagonjwa (leo tumeambiwa 12), humu nataka tujizungumzie sisi wenyewe huku mtaani tunavyoishi.

Toka Jumatatu ile ya tarehe 16 Waziri wa Afya Ummy alivyotangaza mgonjwa wa kwanza, yule mama wa miaka 46 aliyetua KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) kutokea Ubelgiji, mji umebadilika ghafla. Jumanne Waziri Mkuu kafunga shule, Jumatano vyuo, ligi nayo imesimama. Na tukumbuke tarehe 8 tu hapa tulikuwa Taifa tumejazana kwenye mechi ya Yanga na Simba kuangalia ile friikiki ya Morrison, watu wanakumbatiana na wasiowajua, hakuna aliyekuwa na habari na Wuhan wala nini.

Sasa ninachokiona mimi ni hiki, kinga tumeiweka pale inapoonekana. Kila duka lina ndoo mlangoni, ndoo ya lita ishirini imetobolewa ikawekwa koki, chini beseni, sabuni ya kipande imefungwa kwenye soksi ya nailoni inaning'inia ili isiibiwe. Safi kabisa. Ukinawa mlinzi anakuitikia kwa kichwa unaingia kama umepewa baraka. Ile koki yenyewe umeifungua na mkono mchafu, ukaja kuifunga na mkono msafi, sijui tumenawa nini hapo.

Halafu jioni unatoka kazini unaenda kugombania gari la Mbagala. Mlangoni watu kama ishirini mbavu kwa mbavu, mwingine anaingilia dirishani, ukishaingia ndani unashika bomba lililoshikwa na Dar nzima na pua yako iko kwenye shingo ya mtu. Konda anakuja na noti zake amezikunja kwa urefu katikati ya vidole, anataka kukupa chenji zimegandana, anafanyaje? Analamba kidole! Nimeshuhudia kwa macho yangu na hakuna abiria aliyesema kitu, mimi mwenyewe nikapokea.

Kivuko cha Kigamboni asubuhi sitaki hata kuanza.

Kwahiyo naomba mdau uandike unachokiona kwa macho yako, sio ulichofowadiwa wasap.

Konda Mstaarabu

Mkuu umetuonea sana sisi makonda. Mimi nipo barabarani mwaka wa saba huu. Hesabu ya bosi haijapungua hata mia, mafuta juu yetu, trafiki naye anajulikana. Ukisema nipakie wachache nauli ni ileile, hiyo tofauti analipa nani, Korona?

Alafu abiria nyie wenyewe ndo mnaingia. Juzi nimemzuia mama mmoja mlangoni nikamwambia mama gari limejaa subiri la nyuma kanijibu "we mtoto umeanza lini kunihurumia, sogea huko". Nikasogea.

La kulamba kidole nimelisikia, nitaliacha. Ila mnajua abiria wangapi wanatoa noti kwenye soksi, wengine kifuani jasho linatiririka? Mimi ndo nazishika zote kutwa nzima na saa nane nakula chipsi na mikono hiyohiyo. Mnaponisema muwe mnanionea na huruma.

mzeewabusara77

"sogea huko" 😂😂😂 Dar hii hakuna kirusi kitakachoiweza

Binti Tandika

Mimi nauza chakula, mama ntilie. Nawaambia ukweli biashara imeshuka lakini sio sana maana njaa haina karantini. Kilichobadilika ni wateja, zamani mtu anafika anauliza "kuna nini leo", sasa hivi anauliza maji ya moto yako wapi. Wale wa ugali wanaotumia mkono wameanza kudai kijiko, vijiko vyangu havitoshi ikabidi ninunue vingine. Kuna mmoja anakuja na sahani yake kutoka nyumbani, anasema sio kwa ubaya mama. Nikamwambia baba leta tu, mimi napunguza kuosha.

Ila jamani malimao! Nilikuwa napata fungu zima kwa mia tano, sa hivi limao moja mia tatu na lenyewe kavu halitoi hata tone. Tangawizi ndo usiseme, sokoni wanaipima kama dhahabu. Vitunguu saumu navyo vimefuata mkumbo. Mtu anakunywa kikombe kizima cha tangawizi, limao na pilipili, machozi yanamtoka, anasema hapa imekufa. Sijui imekufa nini, hana hata mafua.

Sista wa Zamu

Nafanya kazi hospitali moja hapa Dar, sitaitaja. Naomba niseme machache maana nimechoka kuulizwa kila nikifika nyumbani.

Sabuni ya kipande ya kufulia inatosha kabisa. Hiki kirusi kina ganda la mafuta kwa nje, sabuni inaliyeyusha lile ganda na kirusi ndo kimekwisha. Lakini inabidi usugue, sekunde 20 hivi, kati ya vidole na kwenye kucha, sio kulowesha ncha za vidole kama mtu anaonja mchuzi. Na la koki aliyosema mleta mada ni kweli kabisa, ukimaliza imwagie maji yenye sabuni au funga kwa kiwiko. Ofisini kwetu fundi kaweka kipedali, unakanyaga na mguu maji yanatoka, kwa mbao na kamba tu.

Sanitaiza ni kwa pale ambapo huna maji. Iwe na alkoholi kuanzia asilimia 60. Hizi zinazouzwa kwenye vichupa vya maji vilivyobandikwa karatasi, rangi ya bluu, zinanukia pipi, jamani nyingine ni maji na jeli ya nywele. Ikishachanganywa na maji ikawa chini ya hapo unajipaka marashi tu.

Kitunguu saumu na tangawizi kuleni, ni chakula kizuri, ila havizuii kuambukizwa. Usije ukanywa tangawizi halafu ukaenda kubanana ukidhani umechanjwa.

Maski, mpaka leo hii Machi 2020 maelekezo ya Shirika la Afya Duniani ni kwamba avae mgonjwa au anayemhudumia mgonjwa. Sisi wenyewe wodini tunagawiwa kwa hesabu, mtu unavaa moja kutwa nzima, halafu natoka nje namkuta kijana kaivuta kidevuni anavuta sigara.

Ukijisikia homa, kikohozi kikavu na kubanwa pumzi usipande daladala kuja kwetu. Piga 199, ni bure.

Duka la Kona

Naona mnatulaumu wafanyabiashara. Maski mimi nilikuwa nauza boksi la 50 na mtu anaomba apunguziwe, zilikuwa zinakaa mpaka boksi linapauka. Sasa anayeniuzia kapandisha mara tano na mzigo hana, China zinakotoka wenyewe wanazitaka. Mlitaka niuze kwa hasara? Hiyo ndo biashara, kitu kikiadimika kinapanda.

Kisiki cha Mpingo

Duka la Kona, kupanda sawa. Lakini duka moja la dawa mtaani kwetu asubuhi chupa ilikuwa elfu tatu na mia tano, nikaenda nyumbani kuchukua hela narudi mchana naambiwa elfu nane, chupa ni ileile nimeiona pale rafuni haijasogea. Huo mzigo ulipanda bei ukiwa umekaa pale pale?

Duka la Kona

Hiyo sasa ni roho mbaya. Sitetei.

Mvita Mji wa Kale

Salaam kutoka Mombasa. Nyinyi mnalia na daladala, sisi huku matatu ya watu kumi na nne inabeba wanane, nauli imepanda maradufu na ukiuliza makanga akwambia muulize Kagwe. Yeye waziri wetu wa afya kashasema tukiendelea kuishi kawaida huu ugonjwa utatutenda isivyo kawaida, na naona kweli manake tangu tarehe 13 mgonjwa wa kwanza atangazwe hakuna wiki imepita bila amri mpya.

Hapa Mji wa Kale kubwa ni salamu. Sisi tumezoea mkono, kisha waubusu au wauweka kifuani, mzee hupiti hivi hivi. Sasa wazee baadhi wameelewa, wengine ukiweka mkono kifuani kwa mbali akwambia "mwanangu nimekukosea nini?"

Na hili la chai ya strungi, ya rangi bila maziwa, limewafikia? Usiku wa manane simu zalia nyumba nzima, shangazi kapiga kutoka bara, kuna mtoto eti kazaliwa akasema watu wanywe chai bila sukari kabla alfajiri, aliyekunywa hapatwi. Jirani zangu wote taa zawaka, masufuria yagongana. Mamangu alisema haamini ila akainjika maji. Nikamuuliza kama huamini mbona wainjika, akanijibu chai ni chai.

Mpare Ughaibuni

Leicester hapa. Kuna kitu kimenishangaza sana kwa wenzetu, ugonjwa wa mapafu lakini kitu cha kwanza kuisha madukani ni karatasi za chooni. Sio mchele, sio dawa. Rafu nyeupe kabisa, nimeona wazee wawili wanavutana pakiti ya mwisho. Nikapita zangu nikanunua kopo la plastiki la kumwagilia maua, la pauni moja, nina amani.

Mchele ulikuja kuisha baadaye, ule wa gunia la kilo kumi kwenye maduka ya Wahindi. Huo uliniuma.

mzeewabusara77

Kopo limepata heshima yake hatimaye 🙌🏾

Ndugu wa Parokia

Leo kanisani kwetu maji ya baraka mlangoni yametolewa, bakuli kavu, mabibi wanatumbukiza vidole kwa mazoea wanakuta hakuna kitu wanajisaini hivyo hivyo. Amani tunapeana kwa kuinamisha kichwa. Ekaristi mkononi. Na Rais Magufuli leo akiwa Dodoma kanisani kasema makanisa na misikiti haifungwi, huko ndo kwenye uponyaji.

Swali langu sio la imani, imani ninayo. Swali ni mabenchi. Benchi la watu sita wamekaa tisa. Paroko katangaza tukae mbali mbali, watu wameitikia ndiyo baba, hakuna aliyehama.

Abuu Swafi

Msikitini kwetu Imamu kasema kila mtu aje na mswala wake na udhu achukulie nyumbani, zulia limekunjwa. Vijana wamefuata, ila kwenye swafu tatizo linabaki, sisi tumefundishwa bega kwa bega. Mzee mmoja alikuwa kaweka akiba aende umra, Saudia walifunga toka tarehe 27 Februari, hela kalipa na hajui lini. Yeye ndo mtu wa kwanza mtaani kwetu kuamini kwamba jambo ni zito. Alituambia mapema kabisa, kama Makka wamesimamisha nyinyi mnacheza na nini, tukamuona anakuza mambo.

Jembe Halimtupi

Mnaogopeshana bure tu. Malaria inaua kila siku na hamjawahi kuweka ndoo mlangoni. Rais mwenyewe tarehe 3 alisalimiana na Maalim Seif wa upinzani kwa miguu pale Ikulu wakacheka yakaisha. Chapeni kazi.

Sista wa Zamu

Jembe, malaria hainirukii kutoka kwako ukinikoholea. Na ile salamu ya miguu ndo ilikuwa ujumbe wenyewe, walipeana miguu kwa sababu mkono ulikuwa na tatizo. Kazi tuchape, hakuna aliyesema tusichape.

Jembe Halimtupi

Sawa dada. Ila mnatutisha.

Mama wa Watatu

Hakuna aliyegusa habari ya watoto? Shule zimefungwa siku 30, serikali imesema wakae nyumbani, nyumba yenyewe chumba na sebule na joto hili la Dar. Asubuhi nawanawisha mikono nawafungia, nikirudi jioni nawakuta uwanjani wako na watoto wa mtaa mzima wanacheza mpira, mpira wa makaratasi unapita kwenye mtaro wanaudaka. Mkubwa wa darasa la saba namwambia soma, ananiambia mama tumefunga. Dada wa kazi kaomba aende kwao Singida mpaka mambo yapoe, na mimi kazini sijafunguliwa mlango wa kukaa nyumbani. Wakiniambia "kaa ndani" nacheka, ndani ya nani.

Bibi yao yuko Muheza, kawaida likizo nawapeleka. Safari hii nimeogopa, yule ni mzee na ana sukari. Kanuna. Anasema nimemnyima wajukuu kwa ajili ya mafua ya Wachina.

Binti Tandika

Mama wa Watatu usimpelekee. Mwache anune. Kununa kunatibika.

Konda Mstaarabu
Machi 28

Nimerudi na mrejesho. Sa hivi tumeambiwa level seat, hakuna kusimama. Siku ya kwanza trafiki wamekaza kweli, vituo vimejaa watu, magari yanapita yana nafasi ya hewa katikati yanapigiwa miluzi, abiria waliokaa raha mustarehe wamepiga na selfi. Ila ikifika saa moja usiku kwenye giza huko mbele trafiki hawapo, mnajua wenyewe inakuwaje.

Nimekata dumu la lita tano nikalifunga mlangoni, abiria anatumbukiza mia nne yake, anayetaka chenji ndo tunagombana. Nina chupa ya maji ya sabuni, kila tukifika mwisho wa safari nafuta mabomba na kitambaa. Dereva wangu anasema najipendekeza. Halafu siti zile za watu wawili bado watu wanakaa bega kwa bega, level seat ni kutosimama tu sio kuachana, msije mkadhani tuko salama.

Bosi hesabu kapunguza elfu kumi. Kidogo ila nimeshukuru.

Mvita Mji wa Kale

Huku jana ndio kafyu imeanza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Watu wa Likoni walikuwa wakimbilia feri wavuke kabla ya saa, maelfu yao, polisi wakaanza kuwapiga na gesi ya machozi. Wamewalaza chini wakisongamana, wakohoa, walia, washika macho kwa mikono. Kafyu ya kuzuia watu wasiambukizane! Binamu yangu alikuwa pale, atoka kazini bandarini. Kafika nyumbani saa nne, macho mekundu, akatoa viatu nje akaoga kisha akauliza kama kuna chakula. Hataki kuliongea.

Kisiki cha Mpingo

Pole sana ndugu yangu Mvita, picha tumeziona huku.

Konda hilo dumu ni ubunifu, hongera. Ndo maana nilianzisha uzi, mtu mmoja kafikiria pale virusi vinapopita, sio pale anapoonekana na bosi.

Mzee Kigogo
Machi 31

Wanangu naingia mara moja. Leo Wizara ya Afya imetangaza kifo cha kwanza cha Korona nchini, kule hospitali ya Mloganzila, mtu wa miaka 49. Mungu amrehemu.

Mimi nina msiba wangu hapa nyumbani, hauhusiani na ugonjwa huu, ni mjomba wangu, alikuwa mzee wa miaka 81 na kaugua muda mrefu. Tunazika keshokutwa. Nauliza wenye busara, msiba tunaufanyaje? Mtu anakuja analia anakurukia shingoni, utamwambia simama mita moja? Wapwa zake wanatoka Morogoro na Kilosa, basi zima. Tanga la siku tatu, watu wanalala kwenye mikeka pua na pua, bakuli la kunawa linazunguka moja watu wote mikono humo humo. Nikisema lisiwepo tanga wataniambia nimemzika mjomba kama mbwa.

Sista wa Zamu

Shikamoo mzee, pole sana. Kama ingekuwa mimi: bakuli la kunawa lisizunguke kabisa, weka ndoo ya koki na kijana wa kumwagia. Chakula kigawiwe kwa sahani ya kila mtu, sinia hapana. Wazee wenzio na wenye pumu na sukari wakae nje upepo unapopita. Na muwaombe wa mbali wasije wote, waje wawili wawili kwa niaba ya ukoo.

Abuu Swafi

Pole mzee wangu. Kwetu tulizika juzi, tulimaliza makaburini watu wakatawanyika hapo hapo. Shekhe ndiye aliyetangaza, sio wafiwa, ndo maana hakuna aliyenuna. Mtafute anayesikilizwa hapo kwenu aseme yeye.

Mzee Kigogo

Marahaba binti. Na wewe Abuu ahsante, hilo la kutangaziwa na mtu mwingine sikuwa nimeliwaza. Nimempigia mwenyekiti wa mtaa kakubali kusema yeye kabla ya kutoka na mwili: tanga moja, mchana, wa Morogoro waje wanne. Dada yangu ameshaanza kulalamika kwenye simu lakini amekubali.

Konda Mstaarabu

Mzee pole. Mkihitaji gari la kwenda makaburini nitaongea na bosi, level seat, naliosha kwanza.

Binti Tandika

Pole baba. Mimi sitaweza kufika, tupia namba inbox nitume rambirambi kwa simu, na ya kutolea nitaweka.